Daftari la Steshenari ya Bunda

Probox nyeupe ilikata kona ya stendi ya Bunda bila kuwasha indiketa.

Wegesa akakata naye. Alikuwa nyuma yake na pikipiki aina ya Boxer, helmeti usoni, khanga kiunoni kama mama anayewahi sokoni. Chini ya khanga, Glock 19.

Siku tatu hizo ofisa huyu wa Idara ya Usalama hakuwa amelala usingizi wa kueleweka. Kikosi chao kilipanga doria tatu ziwani, na mara zote tatu boti za silaha zilipita upande ambao doria haipo. Kuna mtu alikuwa anasoma barua pepe za kikosi. Nani? Wegesa alishamshuku kila mtu pale ofisini Musoma, mpaka mama anayeleta chapati.

Redio ya sikioni ikakoroma.

"Furu, hapa Gogogo."

"Sema."

Gogogo alikuwa Amini, mwenzake wa kazi kwa miaka sita. Furu ni Wegesa mwenyewe.

"Niko Butiama. Mgeni yuko ndani. Geti la chuma, walinzi wawili, wana SMG. Na mimi niko peke yangu."

"Usiguse kitu. Askari wametoka Musoma sasa hivi. Dakika arobaini."

"Dakika arobaini ni nyingi, dada."

"Najua."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, mchana kweupe. Mgeni waliyekuwa wakimzungumzia ndiye aliyeleta silaha zile kutoka ng'ambo ya ziwa. Pasipoti zake zilikuwa nne na majina manne. Dereva wake, Fredy, ndiye aliyekuwa kwenye Probox.

Fredy akasimama mbele ya steshenari. Akaingia na karatasi moja mkononi.

Karatasi moja? Kutoka Butiama mpaka Bunda kutoa kopi moja?

Wegesa akaingia nyuma yake, akajidai anachagua bahasha. Mwenye duka, mama mmoja aliyeitwa Faudhia, akageukia mashine ya kopi. Hapo hapo Fredy akalivuta daftari nene lililokuwa kaunta, akalifunua, akapiga picha kurasa mbili za mwisho. Akalirudisha. Akalipa, akashukuru, akatoka.

Hakufika kwenye gari.

"Kaka, umeangusha kitu."

Fredy akageuka. Mdomo wa Glock ukamkaa mbavuni.

"Simu. Taratibu. Leo kuna joto, usinitoe jasho."

Akamwingiza kwenye Probox, pingu moja mkononi kwake, nyingine kwenye usukani. Simu yake, Tecno, bado ilikuwa wazi. Wiki tatu nyuma alikuwa amemtumia Mgeni picha ya mstari mmoja wa daftari lile. Na ujumbe wa Mgeni ulikuwa wa asubuhi hiyo hiyo:

*Wametengeneza faili la watu wao. Link imeingia kwenye email ya mzee. Saa saba nina mtandao mzuri, nalifungua. Msaliti wetu awe ziwani kabla ya jioni, na jiwe shingoni.*

Wegesa aliogopa. Aliogopa kweli, na tusimcheke.

Kwenye faili lile kulikuwa na jina moja tu. Kasmiri, fundi wa injini za boti wa Bukima. Muda ule ule Kasmiri alikuwa ndani ya boti ya Mgeni, katikati ya maji, hana pa kukimbilia. Wegesa ndiye aliyemshawishi awape habari za Mgeni kwa siri, mbele ya mkewe Marcelina aliyekuwa ananyonyesha. Akawaapia wote wawili kwamba jina lile halitatoka.

Saa sita na dakika arobaini.

Akarudi ndani, kitambulisho mkononi.

"Mama, hili daftari ni la nini?"

"La paswedi, dada." Faudhia alijibu kwa fahari. "Watu wanakujaga kuomba kazi mtandaoni. Wakirudi mwezi ujao wameshasahau, wanalia hapa. Basi nawaandikiaga. Bure kabisa."

Hee! Jina la mtu, email yake, nywila yake, kwa wino wa bluu na mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nusu ya Bunda ilikuwa humo. Wegesa akapekua mpaka mstari aliouona kwenye picha.

*Mzee Paschal, Musoma. Jenoveva1971. Anatumia hiyo hiyo kote.*

Paschal. Mkuu wa kikosi chake.

"Huyu alikuja lini?"

"Mwezi jana. Alikuwa anakwenda Mwanza, akapita kumjazia binti yake fomu ya chuo. Mzee mpole sana yule."

Mpole. Mzee gani wa usalama anaacha funguo za kikosi kaunta ya steshenari? Ama ni uzembe, ama ni biashara. Na kama ni biashara, kumpigia simu ni kumzika Kasmiri kwa mkono wako.

Akafungua laptopu yake, Lenovo, juu ya kaunta. Akaandika nywila ile, na email ya mkuu ikamkaribisha kama mwenye nyumba. Akabonyeza link. Nywila ile ile. Faili likafunguka, jina la Kasmiri likamtazama. Akajaribu kulifuta.

*Kufuta au kubadili nywila: andika namba sita zilizotumwa kwenye simu ya mmiliki.*

Saa sita na dakika hamsini na moja.

Akapiga.

"Mkuu, kuna namba sita zimeingia kwenye meseji. Nisomee."

"Wegesa, hivyo ndivyo matapeli wanavyosemaga."

"Mkuu, ni mimi!"

"Hata wao wanasemaga ni mimi. Nani kakutuma? Nakutilia shaka tangu doria ya pili, ujue."

Lahaula! Kumbe wiki nzima walikuwa wanawindana.

"Jenoveva elfu moja mia tisa sabini na moja," Wegesa akasema polepole. "Email, faili la watu wetu, kila kitu. Iko kwenye daftari la steshenari hapa Bunda, na Mgeni ana picha yake. Saa saba analifungua. Kama umemuuza Kasmiri, kata simu. Kama hujamuuza, soma."

Mzee hakukata. Alihema.

"Ni jina la marehemu mke wangu," akasema. "Kila nikiliandika naona kama nimemsalimia. Sikuwaza, Wegesa. Haki ya Mungu sikuwaza."

"Namba, mkuu."

"Nne, sifuri, tisa..." Wegesa akaziandika. "Saba, moja, moja."

Wegesa akaweka kidole kwenye simu yake. Ikafunguka programu ya kutunza nywila, kabati lake dogo lenye kufuli moja. Akaomba nywila mpya. Mashine ikamtungia herufi ishirini na nne, vurugu tupu, na yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuzikariri. Akaibandika kwenye faili. Akahifadhi. Akavitoa vifaa vingine vyote kwenye akaunti ya mkuu.

Saa sita na dakika hamsini na nane.

"Furu, namwona dirishani kwa darubini. Anaandika." Amini alinong'ona. "Anaandika tena. Anapiga meza."

Tecno ya Fredy ikalia kiganjani mwa Wegesa. Akapokea.

"Fredy! Nywila imekataa. Kaangalie tena daftari!"

"Fredy ana pingu. Na wewe una wageni getini."

Land Cruiser mbili zilibomoa geti la Butiama saa saba na dakika mbili. Walinzi walitupa SMG chini kabla hawajaulizwa. Laptopu ilikutwa imewaka, na ndani yake mahali pa kushushia mzigo: Bukima, saa kumi.

Saa kumi boti ilitia nanga, ikapokelewa vizuri sana. Makasha kumi na moja, watu watano chini. Kasmiri alifungwa pingu kama wenzake, na akawatukana askari kuliko wote, wenzake wasije wakamshuku. Wiki ile ile akahamishwa kutoka Mara, yeye, mkewe na mtoto.

Faudhia aliwapigia simu wateja wake wote, mmoja mmoja, wakabadilishe. Wengine walimgombeza kwamba sasa nani atawakumbushia.

Kesho yake asubuhi Wegesa alisimamisha Boxer nyumbani kwa mkuu, Kigera. Mzee Paschal alitoka na barua ya kujiuzulu. Wegesa hakuipokea. Aliomba simu yake, akaiwekea ile programu.

"Kila akaunti itakuwa na yake, mkuu, na humu ndimo zitakaa. Wewe utakumbuka moja tu, ya kufungulia. Ndefu, na isiwe jina la mtu."

Mzee alifikiri sana. Kisha akaikumbatia simu kifuani.

"Geuka huko."

"Mkuu?"

"Nimesema geuka. Na usogee, mpaka kwenye mpapai kule."

Wegesa akavaa helmeti, akapita mpapai, akawasha pikipiki na kwenda zake.