Mluzi wa Nyanda

Haya yalimpata rafiki yangu Imrani, muuza vitenge wa Bariadi mjini, alipokwenda kupumzika Nkololo kwa swahiba wake Nyanda. Alasiri walitoka kutembea mashambani. Mvua ikashuka, giza likatanda, wakawa hawaonani.

"Fuata mluzi wangu," Nyanda alisema. "Ng'ombe wangu hawaitikii wa mtu mwingine."

Imrani akaufuata saa nzima, matope magotini, mpaka ukamfikisha nyumbani. Nyanda alikuwa jikoni, nguo kavu, anakula viazi.

"Mbona uko hapa?"

"Nilipiga mara moja tu, nikakimbia," Nyanda alijibu bila kumtazama.

Mkewe akaacha kukoroga uji. "Kwa hiyo ukamwacha mgeni?"

Nje mluzi ukasikika tena, karibu na mlango, na zizini ng'ombe wote wakainuka.