Nguo Mbichi Haziendi kwa Pasi

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakausha sketi ya shule na pasi. Ilikuwa bado inatoa maji. Mvuke ulinijaa usoni, halafu pasi ikapoa.

"Tokeni imeisha!" mtu akapiga kelele nje.

Mimi ni Tecla, niko Form Four. Nakaa Mogogosiek, kwa mashamba ya chai, na dada yangu Chepchirchir, mwenye anasoma koleji. Kwa hii ploti ya vyumba vya kupanga wengine wote ni wanafunzi wa koleji, na meta ya stima ni moja, ya kununuliwa tokeni. Tokeni ikiisha, wote tunakaa giza. Na mimi mtihani wa mock ulikuwa wiki ijayo.

Shirley wa mlango wa kwanza akatoka na jinzi mbichi begani.

"Nani amemaliza stima? Ni huyu mtoto wa shule. Anawasha taa kama kituo cha polisi!"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia miguu yangu.

"Taa?" Oketch akauliza. Yeye anasomea umeme. "Shirley, taa inalamba tu. Pasi ndio inakunywa. Na ile koili yako ya kuchemsha maji ya kufua, hiyo inakunywa na ndoo."

"Ara, tutafanyaje?" dada yangu akasema. "Hapa mvua ni kila mchana. Nguo hazikauki."

"Kitu yoyote ya kuleta joto inakula stima sana. Fueni na maji baridi. Nguo ikiwa chafu sana, ilale kwa sabuni. Halafu kamueni vizuri, upepo umalizie. Pasi ni ya kunyoosha, si ya kukausha."

"Upepo gani na hii baridi? Wewe rudi kwenu ziwani ukaanike samaki!" Shirley akamwambia.

"Samaki wetu wanakauka bila pasi, madam."

Hapo sijui nguvu ilitoka wapi.

"Hata majani chai," nikasema.

"Eti?" Shirley akanigeukia.

"Hata majani chai inaanza na upepo. Kule kiwandani wanaitandaza, inapigwa na hewa mpaka inyauke. Moto inakuja baadaye. Hakuna mtu anapeleka majani mabichi kwa moto moja kwa moja."

"Haya, mwalimu amefika."

"Sitakaa giza juu ya jinzi yako," nikasema.

Siku hiyo hiyo ploti ilichanga tokeni nyingine, na sisi tukafua na maji baridi. Dada alishika sweta upande mmoja, mimi upande ule mwingine, tukasokota mpaka maji ikaisha. Tukaikunja ndani ya taulo kavu, nikaikanyaga. Kamba tulifunga chini ya paa, pale upepo unapita kati ya nyumba na nyumba. Tuliacha nafasi kati ya nguo na nguo.

Mvua ikaja kama kawaida. Shirley akapita na mwavuli.

"Weh, mmefungua soko ya mitumba?"

"Karibu ununue," dada akamjibu.

Jumapili jioni sweta ilikuwa imekauka. Sketi pia. Nilinyoosha kola ya shati tu, nikazima pasi. Oketch akaleta nguo zake. Nelvine, jirani yetu, naye akaleta mashuka, akauliza kama kamba inaweza kuongezwa. Tukaiongeza.

Tokeni hiyo ilishinda wiki yote ya mock. Nilisoma na taa mpaka nikafunga kitabu mwenyewe.

Jana Shirley aliandika kwa grupu ya ploti: "Tuchangeni tokeni, nataka kukausha mashuka na pasi. Na huyo mtoto wa chai asilete maneno."

Nikaandika: "Naitwa Tecla. Pesa ya taa tutatoa. Ya kukausha nguo mbichi na pasi, hatutoi tena. Kamba iko na nafasi, Shirley. Leta mashuka, nitashika upande mmoja tukamue."

Nikatuma. Wote wakasoma. Shirley pia alisoma.

Meseji yangu bado iko hapo. Sijaifuta.