Injini Iliyooshwa kwa Mafuta ya Taa

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Fundi alifungua gereji yake, akatundika koti kwenye msumari, akageuka kuzitazama injini zake mbili. Akaiona moja.

Alilizunguka gari la zamani la rangi ya maziwa alilokuwa akilitengeneza, lililokaa boneti wazi na tumbo tupu, akachungulia hata uvunguni, kana kwamba kitu cha kilo mia moja na arobaini kinaweza kubingirika kama limau. Kisha akapiga simu polisi.

Aliyekuja ni Sajini, mwanamke wa makamo ambaye kituoni walimwita Bi Taratibu, naye alijua na hakujali. Alisimama mlangoni dakika nzima kabla ya kuingia. Kufuli lilikuwa zima. Pete ya kufuli ilishikwa kwenye mbao na skrubu nne, na mikato ya vichwa vyake vyote vinne ilisimama wima, hakuna uliopinda hata kidogo. Ndani ya mikato hiyo chuma kiling'aa. Bisibisi ilikuwa imepita humo karibuni. Akaandika.

"Iliyoibiwa ni ipi?" aliuliza.

"Ile nzima, afande. Ya kubadilishia. Tumeitafuta miaka miwili. Gari hili lilitoka kiwandani kabla sijazaliwa, injini zake huzipati hata kwa dawa."

Sajini akaitazama injini iliyobaki juu ya benchi. Ilikuwa safi kama sufuria ya bibi harusi. "Mimi ningesema nzima ni hii."

Fundi akatabasamu, mara ya kwanza asubuhi ile. "Hiyo safi ndiyo maiti. Kabla sijafungua injini iliyokufa, naiosha kwa mafuta ya taa mpaka kwenye kucha. Nimeiosha juzi Jumamosi jioni. Ile nzima ililetwa mchana wake na matope yake yote, sijaigusa."

"Kwa nini uifungue iliyokufa, na umeshapata nyingine?"

"Sifungi ya pili kabla sijajua ya kwanza ilikufa kwa nini. Wananicheka sana kwa hilo. Lakini kilichoiua ya kwanza kinaweza kuwa bado kimo garini, kinaingoja ya pili. Nilipanga kuifungua leo mbele ya mwenye gari. Kila anayenijua anajua."

"Kingine kilichopotea?"

Fundi alipitisha kidole kwenye rafu. Stata mpya ilikuwa kwenye boksi lake. Seti ya gasketi ilikuwepo. "Chupa moja tu. Oili niliyoimwaga kutoka kwenye hiyo maiti. Niliibandika karatasi: oili ya zamani."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Mwizi gani anaacha stata mpya, anabeba chupa ya oili chafu?

"Usimwambie mtu ni injini ipi iliyochukuliwa," alisema hatimaye. "Sema injini, basi. Na hii ifunike turubai."

Fundi alikuwa na washukiwa wake tayari, na aliwatoa bila kubembelezwa. Wa kwanza ni Dalali wa vyuma, aliyeileta ile injini Jumamosi na aliyekuwa na sifa ya kuuza kitu kimoja mara mbili. Wa pili ni Mpaka Rangi, waliyechangia naye gereji. Huyo alikuwa na ufunguo, na tena walikuwa wamenuniana wiki nzima.

Dalali alimcheka Sajini usoni. "Afande, nitabeba injini mgongoni? Pikapu langu si mmelishika nyinyi?"

Ilikuwa kweli. Lilikuwa limeegeshwa uani kituoni tangu Jumamosi saa kumi, na Sajini alikuwa ameliegemea asubuhi ile akinywa chai. Hilo hakuliandika.

Mpaka Rangi naye alikasirika. Jumapili yote alikuwa hospitali na binti yake aliyevunjika mkono. Plasta bado ilikuwa mbichi. "Halafu nivunje nini mimi?" aliuliza. "Nina ufunguo mfukoni."

Sajini alilishika neno hilo. Mwenye ufunguo hana haja ya kufungua skrubu.

Saa nane mchana alikuwa jikoni kwa mwenye gari, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Jiko lilikuwa dogo, limepangwa vizuri. Dirisha lilikosa komeo. Lilifungwa kwa utepe wa kitambaa cha bluu, uliokatwa kwenye shati, tundu la kifungo bado likiwa katikati yake. Ukutani palikuwa na kabati la mvule. Sajini alisogea karibu, akazitazama skrubu za bawaba zake kwa muda mrefu.

"Nani alitengeneza kabati hili, Mwalimu?"

"Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni seremala. Hata mlango wa gereji ya Fundi aliutengeneza yeye." Mwalimu alimimina chai. "Zamani alikuwa hapa kila siku. Yeye na kaka yake walilitengeneza lile gari wenyewe, wananijazia uani vyuma na matambara. Tangu msiba haingii ndani. Anasalimia akiwa barazani, anaondoka. Sijui nilimkosea nini. Na hata kama nilimkosea, angesema."

"Marehemu alifarikije?"

"Moyo. Nilikuwa namkimbiza hospitali, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Injini ikanoki, ikazima katikati ya njia. Mpaka tunapata gari jingine, saa nzima imepita." Aliweka birika chini. "Nililikanyaga lile gari, Sajini. Yeye mwenyewe alikuwa ananiambia polepole, mama, polepole. Ndiyo maana namtaka Fundi aifungue. Nikiwa mimi niliyeiua, nijue. Nimechoka kuwaza."

Sajini hakuwa mtu wa kulia kazini, kwa hiyo alikunywa chai yote ikiwa bado ya moto.

Karakana ya Seremala ilikuwa nyuma ya soko. Pikapu lake lilikuwa mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na randa haikumtoka mkononi muda wote wa mazungumzo.

"Umesikia injini imeibiwa kwa Fundi?" Sajini alimuuliza.

"Nimesikia. Pole yao."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Peke yangu." Alipiga randa mara mbili. "Lakini afande, hasara iko wapi? Ile nzima si wamebaki nayo? Waifunge tu, shemeji apate gari lake, mambo yaishe."

Sajini alitazama ukuta wa nyuma. Rafu zote zilishikwa kwa skrubu, na mikato yote ilisimama wima. Pembeni palikuwa na lundo la takataka za randa, kubwa kuliko kazi ya siku moja.

"Labda," alisema. "Kesho saa tisa alasiri njoo gereji. Mwalimu atahitaji mtu wa nyumbani karibu yake."

Jumanne saa tisa kasoro dakika tano, Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Seremala alisimama karibu na mlango. Sajini alivuta turubai.

"Fundi ataifungua injini iliyokufa," alisema.

Seremala aliiangalia injini inayong'aa. "Hiyo ni mpya."

"Hiyo ni ya zamani. Fundi aliiosha. Iliyoibiwa ilikuwa chafu, na mwizi akadhani uchafu ni uzee." Sajini hakupandisha sauti. "Alifungua skrubu za pete ya kufuli, akainua injini kwa winchi ya hapahapa, akazirudisha skrubu vizuri, vizuri mno. Seremala mzuri hawezi kuharibu kazi yake hata akiwa anaiba. Hakuna niliyemwambia ni injini ipi iliyobaki, lakini jana wewe uliniambia imebaki nzima. Na aliyechukua chupa ya oili chafu hakutaka kuuza kitu. Alitaka kisionekane. Kuna nini humu ndani, Seremala?"

Seremala alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakaa chini kwenye saruji.

"Kitambaa," alisema. "Siku mbili kabla kaka hajazidiwa, nilirekebisha valvu pale uani. Nilikuwa na vitambaa vinne, nilichana shati langu la bluu. Nilipomaliza nikakusanya vitatu. Nikatafuta cha nne, sikukiona. Nikajisemea kimepeperuka. Sikufungua tena kuangalia. Kingeshuka chini na kuziba oili. Siku ya tatu kaka akafia njiani." Alimtazama Mwalimu, halafu akashindwa kumtazama. "Shemeji, mimi ndiye niliyemuua. Nilishindwa kukwambia. Niliposikia inafunguliwa nikaona bora niitwe mwizi."

Mwalimu alipata kusema baadaye kwamba wakati ule hakusikia kitambaa wala shati. Alisikia tu kwamba kumbe kulikuwa na mtu mwingine ambaye naye hapati usingizi.

"Fungua," alimwambia Fundi.

Boliti za sampo, bakuli la oili chini ya injini, zilitoka moja moja. Fundi aliishusha, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa kila pembe, akamulika kwa tochi. Alichukua muda wake na hakuna aliyemharakisha. Kisha akafungua pampu ya oili, akatoa kipande cha chuma kirefu kama kidole, kimekatika katikati.

"Hakuna kitambaa," alisema. "Hata uzi. Hiki ndicho kijiti kinachozungusha pampu. Kimechoka, oneni, ufa wenyewe una kutu. Kingekatika siku ile au siku nyingine. Na mwendo haukukikata, Mwalimu. Ungekwenda polepole kingekatika vilevile."

Seremala alikuwa bado chini, mikono juu ya kichwa.

"Kitambaa cha bluu," Mwalimu alisema taratibu. "Chenye tundu la kifungo?"

Seremala aliinua uso.

"Nilikiokota juu ya tairi jioni ile ulipomaliza kutengeneza. Nikafungia dirisha la jikoni. Kiko pale mpaka leo, shemeji. Ungeingia ndani siku moja tu, ungekiona."

Ndipo Seremala akalia, na Mwalimu akaondoka kwenye kiti cha plastiki, akakaa naye kwenye saruji na gauni lake safi.

Injini nzima ilipatikana chini ya lile lundo la takataka za randa, na chupa pembeni yake. Fundi na Mwalimu waliandika kwamba hawana malalamiko. Sajini aliyasoma maandishi hayo mara mbili, akayaambatisha kwenye jalada, akasema mkuu wa kituo ataamua.

Seremala hakusubiri uamuzi huo. Jumatano asubuhi aliingia jikoni kwa shemeji yake na kisanduku cha vifaa, akafungua fundo la bluu lililokaza kwa miaka miwili, akaweka komeo la shaba lenye skrubu nne. Alipomaliza, mikato mitatu ilisimama wima. Wa nne ulipinda, maana macho yalikuwa yamejaa machozi, na Mwalimu alimkataza kuurekebisha.