Mguu Alioficha Terry

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa mbio za kupokezana vijiti walifanya mazoezi katika uwanja wa shule yao, Kehancha. Terry Magige, aliyekuwa wa mwisho kupokea kijiti, alikuwa na mbio kuliko wote, na hakuacha kulisema.

"Bila mimi hakuna timu hapa," aliwaambia. Kisha akamgeukia Lorine, mkimbiaji wa akiba. "Wewe usijisumbue hata kuvaa raba. Miguu yangu haijui kuumwa."

Baada ya muda mguu wa kulia ukaanza kumuuma chini ya goti. Terry aliufunga kitambaa ndani ya soksi na kunyamaza. Angesemaje anaumwa baada ya maneno yale yote?

Siku ya mashindano mjini Migori, alijificha nyuma ya vyoo vya uwanja na kuvua kiatu. Mguu ulikuwa umevimba. Alijaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Kipaza sauti kiliita timu yao. Terry aliuma fulana yake ili kilio kisisikike.

Lorine alimkuta hapo.

"Terry, mwalimu anakutafuta."

"Mwambie hujaniona."

Lorine akautazama ule mguu. "Umekuwa hivi tangu lini?"

"Watanicheka mpaka nihame shule." Terry akamshika mkono. "Lorine, tafadhali, kimbia wewe."

"Nitakimbia. Lakini mwalimu umwambie mwenyewe."

Alimwegemeza begani, wakaenda polepole. Mbele ya Mwalimu Mokaya na timu nzima Terry akasema, "Niliwaficha. Mguu wangu ni mgonjwa. Lorine akimbie."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimpeleka hospitalini, mwalimu mwingine akabaki na timu. Daktari aliona ufa kwenye mfupa. Angekimbia, ungevunjika kabisa. Akipumzika, utapona.

Simu ya mwalimu ikalia. Timu ilikuwa imemaliza ya tatu. Terry akaangua kilio.

"Hawataniamini tena, mwalimu."

"Leo umewaambia ukweli, nao wamekusikia," alisema Mwalimu Mokaya. "Kuwa na mbio ni vizuri. Lakini ukijisifu kila siku, siku ya kuumwa unaona haya kuomba msaada. Mwili ukiuma, sema mapema. Na wenzako uwaheshimu, maana ndio watakaokushika."

Terry alipangusa machozi.

"Mwalimu," aliuliza, "Lorine alikimbiaje?"