Ndege wa Kumi

Mjukuu wangu wa kike huamka kabla ya jogoo wa jirani. Hufagia kibaraza, humpelekea babu yake maji ya kunawa, kisha husimama ukutani na kumsomea saa nne zilizotundikwa pale, moja baada ya nyingine. Babu yake alikuwa fundi saa. Macho yamemzima, lakini hata leo hawezi kunywa chai akisikia kuna saa imechelewa. Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na mmoja. Tunamwita Chiriku, maana hata usingizini mdomo haufungi.

Siku ya kwanza ya mwaka, saa hungoja. Siku hiyo wawili hao huenda kwenye bwawa lililo nyuma ya mtaa kuhesabu aina za ndege. Babu ana daftari la jalada gumu, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani yake kuna orodha ya kila siku ya mwaka mpya kwa miaka thelathini na mmoja. Zamani aliandika peke yake. Tangu macho yazime, wameweka sheria: yeye husikia sauti na kutaja jina, Chiriku humtafuta ndege mpaka amwone, ndipo anaandikwa. "Sikio lapendekeza, jicho latia sahihi," husema babu.

Orodha ya kwanza ilikuwa na ndege sitini na wanne. Ya mwaka jana, kumi na watatu. Bwawa linafukiwa. Malori huja na matofali yaliyovunjika, zege na vioo, humwaga na kuondoka. Tulilalamika, tukaandika barua, tukachoka.

Jioni ya kuamkia mwaka huu babu alisema, "Wakipungua chini ya kumi, nalifunga. Sitaki daftari la ndege ligeuke daftari la msiba."

Chiriku alijua kama mimi nijuavyo: katika mwaka mzima, hiyo ndiyo siku pekee ambayo babu huulizia viatu vyake mwenyewe atoke nje.

Asubuhi walitoka, darubini shingoni mwa mtoto, mkono wa babu begani mwake. Kando ya bwawa dereva wa lori aliwachekea.

"Mzee, mnatafuta ndege? Nendeni sokoni kwa wauza kuku!"

"Kuku tunao," alijibu babu. "Tunatafuta wasiolipishwa pango."

Hadi saa tatu walikuwa wamepata kunguru, shomoro, njiwa, tetere, mwewe, shore, chozi, mbayuwayu na yangeyange mmoja aliyesimama juu ya tairi bovu. Tisa. Kisha kimya. Jua likapanda. Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna.

Ghafla, kutoka kwenye kichaka cha mwisho kilichobaki, sauti kali ilipaa. Babu alishika bega la mtoto mpaka likauma.

"Furukombe! Tai mla samaki! Miaka sita sijamsikia. Nenda, mama, nenda polepole!"

Chiriku alitambaa juu ya vifusi mpaka kichakani. Hakukuwa na tai. Palikuwa na ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa, asiyezidi ngumi. Alifungua mdomo, na sauti ya furukombe ikatoka. Akaufungua tena, ikatoka ya mdiria, yule ndege avuaye samaki. Alikuwa yule tunayemwita Mwigaji, anayeiba sauti za wenzake. Miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwona.

Mtoto alirudi. Babu alikuwa amevua kofia, machozi yanamtiririka.

"Umemwona?"

"Nimemwona, babu," alisema Chiriku. "Na mdiria pia."

Waliporudi, babu aliingia akiimba. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaomba daftari, nikaona kumi na mmoja.

"Hongereni," nikasema. "Na huyu furukombe, Chiriku, alitua juu ya nini?"

"Juu ya mti mrefu, bibi."

"Mti upi? Si walikata yote mwaka juzi?"

Chiriku akalia, akaeleza yote: kichaka, kifua cha chungwa, sauti mbili kutoka mdomo mmoja.

Babu aliomba apewe daftari. Ukutani saa nne zilikuwa zikigonga kila moja kivyake.

"Kwa hiyo ulimwona Mwigaji," alisema. "Huyo peke yake angekuwa wa kumi, mtoto wangu. Ungeniambia ukweli, daftari lingekuwa zima."

"Basi mwandike, babu! Huyo nimemwona kweli!"

"Nitajuaje?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliwafuta wawili wale kwa kalamu, mimi nikiuongoza mkono wake kwenye mstari, akasema, "Siku haijaisha. Lakini jicho lililonidanganya leo haliwezi kutia sahihi leo. Atafutwe jicho jingine."

Jicho jingine lilikuwa langu, na magoti yangu hayapendani na vifusi. Nilikwenda hivyo hivyo, mtoto akinishika mkono huu, mzee ule. Tulikaa mbele ya kichaka kuanzia saa tisa. Msimamizi wa malori alikuja kututazama.

"Mama, kesho hapa tunasafisha. Kichaka hiki kinaondoka."

"Leo ni leo," nikamjibu.

Tulingoja. Jua lilipokuwa linazama tulimsikia, furukombe mzima ndani ya koo dogo. Chiriku alinong'ona, "Bibi, yule pale! Kushoto kwa tawi lililovunjika!"

Nilikaza macho. Niliona majani yakitikisika. Niliona tawi. Babu alikuwa amenigeuzia uso. Neno moja tu lilihitajika. Nawaambieni, lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Sijamwona," nikasema. "Nimeona majani."

Giza likaingia. Tisa.

Nyumbani babu alilifunga daftari kwa kamba yake, fundo juu ya fundo, akalitia sandukuni chini ya vifaa vya saa. Chiriku alikuwa ameinama.

"Nilitaka ufurahi, babu."

"Najua. Na nilifurahi, saa moja nzima. Lakini sikiliza. Orodha yenye furukombe ingemwambia yeyote atakayeisoma kwamba bwawa bado lina samaki na miti. Wenye malori wangesema, 'Mbona mambo ni mazuri?' Tisa wa kweli wanasema bwawa linakufa. Ukiipeleka mbele saa iliyochelewa, mwenye saa atacheka leo, kesho itachelewa tena, wala hatajua kwamba imeharibika. Uongo wa huruma ndivyo ulivyo. Unamfurahisha mgonjwa na kuuficha ugonjwa."

Hakuna aliyekula sana.

Asubuhi nilipoamka kibaraza hakikuwa kimefagiliwa. Mlango ulikuwa wazi. Chiriku alirudi jua likichomoza, miguu imejaa vumbi la zege, mkononi ana daftari lake la hesabu. Nyuma yake, kwa mbali, malori yalikuwa yameanza kunguruma. Kufikia adhuhuri kichaka hakikuwepo.

Alipoingia tu alisimama mbele ya babu yake.

"Babu, nimeanza orodha yangu. Ina ndege mmoja. Mwigaji. Kwenye tawi lililovunjika, kabla malori hayajafika. Aliimba mara mbili, kisha akaruka kuelekea upande wa barabara."

"Nani mwingine alimwona?"

"Hakuna, babu. Mimi peke yangu."

Mzee alinyoosha mkono, akalipapasa daftari la hesabu, akakuta mstari mmoja kwa alama ya kalamu iliyokandamizwa sana. Kidole chake kilipita juu yake, kikarudi.

"Inatosha," alisema. "Sasa nisomee saa."