Jogoo wa Mnada wa Kikwe

Kesi ya wimbo ulioibiwa mtaani Sekei niliimaliza mimi kabla Inspekta Sabina hajafunga kamba za viatu. Nilimtaja mwizi kwa jina na ukoo wake. Bahati mbaya, niliyemtaja tulishamzika mwaka jana. Basi tumwachie Inspekta.

Alifika studio Jumatatu asubuhi. Kitasa kimevunjwa, droo wazi, diski yenye wimbo haipo. Dismasi, mtayarishaji muziki mwenye studio, alisema mwizi aliingia Jumapili watu wakiwa ibadani. Kufika jioni wimbo ulikuwa mtandaoni kwa jina la msanii asiyejulikana, na hata wachoma nyama wa Elerai walikuwa wanaitikia.

Wenye wimbo ni Nashilu wa Elerai na Tabea wa Kikwe, kundi la Ndizi Maziwa. Wanachana mistari pamoja tangu kidato cha kwanza. Siku hiyo walikaa benchi moja, na katikati yao ng'ombe angepata nafasi ya kulala.

Inspekta aliwahoji mmoja mmoja. Nashilu alisema mwenzake anapigiwa simu na watu wa Dar wanaomtaka peke yake. Tabea alisema ufunguo wa pili wa studio anao Nashilu. Kila mmoja akaomba asitajwe.

"Ikiwa ni yeye, afande," Tabea aliuliza, "kundi ndiyo basi?"

"Mmeshalivunja nusu, mwanangu."

Alama za vidole hazikusaidia. Za wote watatu zilijaa mle ndani. Akaitwa Dismasi, akaingia na shikamoo ndefu.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Kikwe, kwa kina Tabea. Sikukuu ya mavuno."

"Nani alikuona?"

"Watu walijaa hadi nje. Nilibaki mpaka mnada wa sadaka, nikamnunua yule jogoo mwekundu wanayemwimba."

"Yuko wapi?"

"Nilimchinja jioni ileile. Mgumu kama tairi."

Inspekta akaandika: tairi. Kisha akamwacha aongee, na Dismasi akaongea. Midundo yote yake, ila kwenye mabango sura ni za wasichana, jina lake limewekwa chini kabisa, dogo kama chawa. Na sasa alikuwa amesikia wanahamia studio ya Dar.

Kesho yake Inspekta aliwaita wote watatu kituoni. Chini ya meza kulikuwa na kikapu kilichofunikwa kanga. Kila mtu alidhani ni chakula cha afande. Akaupiga wimbo kwenye simu. Dismasi alitikisa kichwa kwa mdundo. Kwenye ubeti wa pili Inspekta akauzima.

"Hapa Tabea anasema nini?"

"Zaidi ya huyo jogoo, maneno yao huwa sisikilizi, afande. Mimi mtu wa midundo."

Inspekta akamgeukia Tabea, naye akaeleza taratibu. Yule jogoo haliwi. Kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena kwa ajili ya kanisa, na jioni analala kwa Mwinjilisti Eliud. Ndio ubeti wenyewe: msichana ni kama yule jogoo, wanaume wanampigia bei, na jioni yeye anarudi nyumbani kwao.

Nashilu akazikumbuka zile simu za Dar, akamtazama mwenzake, akasogea kwenye benchi mpaka mabega yakagusana.

"Hao wanatunga tu," Dismasi alisema. "Yule mwekundu nimemla mimi, afande, kwa meno haya haya. Naapa."

Inspekta akavuta kikapu, akakifunua. Jogoo mwekundu wa Mwinjilisti Eliud alichomoza shingo, akamkagua Dismasi kwa jicho moja, akawika.