Kidole cha Kathure

Tangu siku ya kwanza, mashine ya kusoma alama za vidole ilivikataa vidole vya wauza ndizi wa Mitunguu. Utomvu mweusi ulikuwa umevigandia miaka nenda miaka rudi. Lakini wakubwa wa manispaa walitaka kila kibanda cha soko kiingie kwenye kompyuta kabla ya mwezi kwisha, na habari za utomvu hawakutaka kuzisikia. Basi makarani wakapata dawa yao: kidole cha mtu kikikataa, karani anaweka chake, kazi inaendelea. Ujinga mtupu, lakini nani angewaambia?

Kathure, mmoja wa makarani hao, alikuwa ameshafanya hivyo mara kumi na moja. Siku hiyo alikuwa na haraka, maana binti yake Kinya, wa miaka sita, alikuwa akimngoja shuleni, na Kathure hakuwa na mwingine duniani.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanamke aliyejitanda leso hadi machoni. Alinuka udongo wa shimo lililofukuliwa.

"Jina?"

"Gatakaa."

Mashine ikakataa. Kathure akamshika mkono amwelekeze, akauachia upesi. Ulikuwa baridi, na kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Weka chako, mwanangu," mwanamke alinong'ona. "Si ndivyo mnavyofanya?"

Kathure akaweka. Taa ikawaka kijani.

"Umenipa wewe mwenyewe," mwanamke akasema, "sikukunyang'anya." Akaenda zake.

Kesho yake Kathure aliweka kidole kwenye mlango wa ofisi, na mashine ikasema, "Karibu, Gatakaa." Mlinzi akacheka. Kathure naye akacheka, mpaka alipotazama kidole gumba chake. Mistari ilikuwa imefutika. Ilipofika saa nane, vidole vyote kumi vilikuwa laini kama ganda la yai, na mlinzi yule yule, aliyemjua miaka minne, akamwuliza anamtafuta nani.

Hofu ikamshika kweli kweli. Akamkimbilia mkuu wake, Salesio.

"Bosi, futa hiyo jina ya Gatakaa. Nakuomba, futa saa hii!"

Salesio alimtazama kama mtu anayemwona mgeni. "Mama, hii sistimu haiwezi futa mtu bila kidole yake. Na yako haisomi. Ngoja Kathure arudi, yeye ndiye alikuandikisha."

"Kathure ni mimi!"

"Kathure ametoka saa hii tu," Salesio akasema kwa upole. "Ameenda kuchukua mtoto."

Alitoka mbio bila viatu, akakata katikati ya soko huku akiita majina ya watu aliowajua na watu hao wakimpisha kwa kinyaa, akapanda kilima cha shule akihema na kumwomba Mungu mambo ambayo hakuyamaliza, mpaka akaliona geti, na kwenye geti Kinya, ameshikwa mkono na mwanamke mwenye sweta ya Kathure, mwanya wa Kathure na sura ya Kathure.

"Kinya! Kuja, ni mimi! Ni mami!"

Mtoto alipiga yowe, akajificha nyuma ya yule mwanamke.

"Mami, huyo ni nani? Ananitaka!"

"Usiogope, mama yangu." Mwanamke alipiga magoti, akampangusa machozi taratibu. "Mwangalie vizuri, ndio siku ingine umjue."

Kinya akamwangalia vizuri. Kisha akainama, akaokota jiwe.